Mbayuwayu na Majira Yake: Neno kwa Familia Zilizo Ugenini

Masomo ya mwezi huu: Yeremia 8:7; Yeremia 28 na 29:1-14; Mathayo 2:13-23



Tunawasalimu nyote mnaokaa nasi hapa Nyakabanda, na ndugu zetu wa Kimisagara, Rwezamenyo na Nyamirambo, na wale ambao barua hii inawafikia kambini Mahama. Tunamshukuru Mungu aliyetulinda hata leo. Wako kati yetu waliovuka mpaka kutoka Kongo tangu mwaka 1996, wako wa 2012, na wako waliofika baada ya vita kuwaka tena mwaka 2022. Wako ndugu wa Burundi waliofika mwaka 2015. Wako waliolelewa Gihembe, kambi iliyofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2021, ambao wamehamishwa mara mbili bila kurudi kwao. Neno la mwezi huu ni la wote hao.

Tunataka tujifunze kwa ndege. Tusiwadharau walimu hawa. Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wawatazame, na manabii kabla yake walifanya vivyo hivyo.

NDEGE WANNE WA YEREMIA

Katika sura ya 8 nabii Yeremia anawataja ndege wanne: koikoi, hua, mbayuwayu na korongo. Anasema kwamba kila mmoja anafahamu wakati wake wa kwenda na wa kufika. Kisha anaugeukia umati wa watu wa Mungu kwa uchungu, kwa sababu wao, wenye akili na wenye torati, wamesahau njia ya Bwana wao.

Yeremia hakuyatoa maneno hayo katika ndoto. Alikuwa mtu wa Anathothi, kijiji kilicho karibu na Yerusalemu, na nchi ile iko juu ya njia kubwa ya ndege kati ya Ulaya na Afrika. Koikoi ni yule ndege mkubwa mweupe mwenye mabawa meusi nyuma, miguu mirefu na mdomo mwekundu. Hata leo koikoi mamia ya maelfu hupita juu ya nchi ile mara mbili kila mwaka. Nabii aliinua macho akawaona, mwaka baada ya mwaka.

Na sisi tukiinua macho tunawaona baadhi ya wasafiri hao. Mvua za umuhindo zinapoanza, kuanzia Septemba, mbayuwayu wa Ulaya hufika kwetu. Huruka chini chini juu ya bonde la Nyabugogo na kando ya Mlima Kigali, wakikamata wadudu hewani. Mgongo wake ni wa buluu iliyoiva, koo lake ni jekundu la kutu, na mkia wake umegawanyika kama makasi. Uzito wake ni kama gramu 20 tu. Ndege huyo mdogo amevuka bahari na jangwa kuja kula hapa, na wenzake wengine huendelea mpaka Afrika Kusini, safari ya kilomita 10,000 hivi.

KWA NINI WANAHAMA?

Watu wengi hudhani ndege hukimbia baridi. Baridi ipo, lakini kinachowasukuma zaidi ni chakula. Mbayuwayu anakula wadudu wanaoruka. Ulaya ikiingia katika majira ya baridi, wadudu hao hutoweka. Akibaki, atakufa kwa njaa. Basi huondoka kabla ya njaa kumkuta. Lakini mwezi wa Machi na Aprili Ulaya inapoanza kupata joto, kule wadudu hujaa, mchana huwa mrefu, na mzazi hupata saa nyingi za kutafutia watoto chakula. Ndiyo maana anarudi. Huku anapata kuishi, na kule anapata kuzaa.

Zamani watu hawakujua jambo hili. Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki, aliandika kwamba mbayuwayu hujificha katika mashimo wakati wa baridi. Wengine baadaye waliamini kwamba wanalala katika matope chini ya maziwa. Wengi hawakuweza kufikiri kwamba kiumbe kidogo hivyo kinaweza kwenda mbali hivyo.

Jibu lilikuja kwa namna ya ajabu. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz kaskazini mwa Ujerumani, watu walimpiga risasi koikoi aliyekuwa amerudi toka safarini. Walipomwokota walikuta mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi umepita shingoni mwake. Ulikuwa mkuki wa Afrika. Alikuwa amechomwa huku kwetu, akaruka na mkuki ule mwilini, akavuka jangwa, akafika kwao. Ndege huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa jeraha lake watu walisadiki kwamba koikoi wanaokwenda kwa majira ya baridi wanafika Afrika.

WANAJUAJE SAA NA NJIA?

Huko Ulaya saa ya kuondoka inajulikana kwa urefu wa mchana. Mchana ukianza kupungua, mwili wa ndege hupokea habari hiyo. Anakula sana na kuweka mafuta, na baadhi ya ndege wadogo hufikia karibu mara mbili ya uzito wao kabla ya kuvuka Sahara. Angalieni kwamba hafuati hali ya hewa ya siku moja. Siku moja ya joto haimdanganyi abaki, na siku moja ya baridi haimfukuzi. Anafuata alama isiyodanganya.

Lakini hapa Kigali tuko karibu na ikweta. Jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Je, mbayuwayu aliye hapa anajuaje kwamba huko mbali majira yanakaribia kubadilika? Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Eberhard Gwinner, alichunguza jambo hilo. Aliwafuga ndege wadogo wa aina zinazohama katika vyumba vyenye saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, siku zote bila kubadilika. Hawakuona majira yoyote. Hata hivyo, mwaka baada ya mwaka, wakati wa safari ulipowadia, ndege hao walianza kuhangaika usiku na kupigapiga mabawa ndani ya tundu. Saa ilikuwa imewekwa ndani yao.

Na njia je? Wanaongozwa na jua, na nyota, na nguvu ya sumaku ya dunia ambayo sisi hatuisikii. Mtaalamu wa Marekani, Stephen Emlen, aliwalea makinda wa ndege wa nchi yake katika miaka ya 1960 na 1970. Wale waliolelewa bila kuona anga la usiku hawakujua pa kuelekea saa ya safari ilipofika. Wale walioonyeshwa anga likizunguka tangu udogoni waliijua ile sehemu isiyosogea, yaani kaskazini, wakaongozwa nayo.

Koikoi naye ana siri yake. Ni mzito, kilo tatu au nne, na hawezi kupigapiga mabawa mpaka Afrika. Asubuhi hungoja ardhi ipate moto, na hewa ya moto inapopanda hufungua mabawa yake na kuinuliwa nayo. Juu ya bahari hewa hiyo haipatikani, kwa hiyo wengi huzunguka kupitia Uturuki, nchi za Biblia, Sinai na bonde la mto Nile. Njia ni ndefu zaidi, lakini ndiyo njia inayombeba.

SISI SI NDEGE

Wapendwa, kabla hatujaendelea lazima tuseme jambo moja waziwazi. Tumesikia mahubiri yanayowafananisha wakimbizi na ndege, kana kwamba kuhama kwetu ni majira tu, na majira yametoka kwa Mungu, basi tunyamaze. Hatukubaliani na neno hilo.

Mbayuwayu hafukuzwi. Anaondoka amenenepa, na wenzake wakiwa pamoja. Sisi tuliondoka usiku. Wengine tuliacha sufuria juu ya moto, ng'ombe zizini, na wapendwa wetu bila kuzikwa. Mungu aliyepanga mvua ya umuhindo na mvua ya itumba hakupanga risasi. Vita ni dhambi ya watu, na wanaoifanya wataulizwa mbele za Bwana.

Tena, Biblia haifichi kwamba kuna kuhama kwa namna hiyo. Yusufu aliamshwa usiku, akamchukua mtoto na mama yake, wakakimbilia Misri kwa sababu Herode alitaka kuua. Hayo hayakuwa majira. Ulikuwa ukatili wa mfalme. Na Mungu hakuwaambia kwamba ni jambo jema. Aliwatangulia njiani tu, akawapa mahali pa kukaa, na saa ya kurudi ilipofika akawaambia. Huyo ndiye Mungu tunayemwabudu hapa Nyakabanda, na Mwana wake alikuwa mkimbizi akiwa bado ananyonya.

Basi kwa nini tujifunze kwa ndege? Kwa sababu ya namna wanavyokaa ugenini. Kuna mambo manne.

KWANZA: TUSIFUATE UVUMI

Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimepimwa afya, zimehojiwa na kupewa tarehe ya safari, ziliambiwa zisubiri. Wengine walikuwa wameuza vitanda na majiko. Katika lugha yetu neno ndege lina maana mbili, na wengi wetu tumekuwa tukiitazama ile ya chuma tu.

Tangu hapo uvumi umekuwa chakula chetu cha kila siku. Leo simu inasema mpango umefunguliwa. Kesho inasema kadi zitafutwa. Keshokutwa yuko mtu anayejua mtu, na akipewa fedha kidogo jina litapanda juu katika orodha. Wapendwa, huduma za HCR hazilipiwi. Anayekuomba fedha ili akuandike ni mwizi, hata akianza kwa maombi. Wako akina mama waliotoa ada ya shule ya watoto kwa watu wa namna hiyo.

Someni Yeremia 28. Hanania aliwaambia watu kwamba baada ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Neno lake lilikuwa tamu, na kila mtu alitaka liwe kweli. Yeremia naye aliitikia amina, kwa kuwa yeye pia alitamani hivyo. Lakini neno la Mungu lilikuwa miaka sabini. Hanania alikuwa ile siku moja ya joto inayomdanganya asiyejua majira. Mbayuwayu anangoja alama isiyodanganya. Nasi tupime kila habari: imetoka kwa nani, katika ofisi gani, na kwa barua gani? Na tusiuze kitanda kabla ya kuwa na hakika.

PILI: HUU NDIO WAKATI WA KUBADILI MANYOYA

Kuna jambo ambalo wengi hawajui juu ya mbayuwayu anayekuja kwetu. Manyoya ya mabawa yake yamechakaa kwa safari na kwa kazi ya kulea watoto. Hapa Afrika ndipo anapoyabadili. Hayaangushi yote kwa siku moja, maana angeanguka. Linatoka moja, linaota jipya, halafu lingine. Kazi hiyo huchukua miezi. Anayemtazama haoni kitu, anamwona anakula tu. Kumbe anajiandaa. Mabawa atakayorudi nayo ni mabawa aliyoyapata ugenini.

Ndugu, tunasema jambo hili kwa sababu ya familia ambazo zimekaa miaka mitano, kumi, na zaidi, mizigo ikiwa imefungwa. Mtoto haendi shule kwa kuwa tunaondoka kesho. Kijana hajifunzi ufundi kwa kuwa cheti cha hapa hakitafaa huko. Mama hataki Kinyarwanda kwa kuwa si lugha yetu. Miaka inapita, na manyoya ni yale yale yaliyochakaa.

Katika Yeremia 29 Bwana aliwaambia watu wake walioko Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wautakie amani mji ule, kwa sababu amani yao imo katika amani ya mji. Hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Katika barua ile ile aliahidi kuwarudisha. Kujenga na kungoja vilikwenda pamoja. Kwa hiyo mpeleke mtoto shule leo, hata kama safari ni mwezi ujao. Jifunze kushona, kutengeneza simu, kupika mikate, kusoma na kuandika. Toka kwenye umuganda pamoja na majirani. Ikiwa utarudi Masisi, utarudi na kitu. Ikiwa utapelekwa mbali, utakwenda na kitu. Ikiwa utabaki Kigali, utakuwa nacho.

TATU: WALIOVUNJIKA WANA MAHALI PAO

Wako wasioweza kusikia habari za mabawa mapya. Waliyoyaona yamewavunja. Wanakaa na mkuki ndani, kama koikoi wa mwaka 1822, na watu wanashangaa kwa nini hawacheki. Tusiwaambie wasahau. Yule koikoi hakuweza kuutoa mkuki kwa mdomo wake mwenyewe. Ukimwona ndugu yako anaishi na jeraha, na bado anaamka, anapika, anakuja kanisani, jua kwamba unaona nguvu kubwa.

Katika nchi hii kuna korongo mwenye taji la dhahabu kichwani, anayeitwa umusambi. Kwa miaka mingi watu waliwakamata na kuwafuga katika bustani za nyumba na hoteli kama mapambo, wakiwakata mabawa wasiruke. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na shirika lake waliwakusanya ndege hao. Wenye uwezo wa kupona walirudishwa porini, katika mbuga ya Akagera. Lakini wako waliovunjwa mifupa, ambao hawataruka tena. Hawakuuawa wala kutupwa. Walitengewa sehemu yenye maji na majani nje kidogo ya katikati ya Kigali, iitwayo Umusambi Village, wakae humo kwa usalama maisha yao yote.

Ikiwa watu wamefanya hivyo kwa korongo, je, kanisa litafanya nini kwa mtu? Tunaomba kila kikundi cha nyumba kihesabu wagonjwa wake, wazee wasio na mtu, na wale ambao akili yao imechoka kwa huzuni. Tusiwaombee tu na kuondoka. Tuwapeleke kituo cha afya, tukae nao, tuwaletee unga. Bwana alisema kwamba hata shomoro mmoja haanguki bila Baba kujua. Mbayuwayu wengi wachanga hufa katika safari ya kwanza. Na wetu waliokufa njiani, ambao kaburi lao hatulijui, Baba anapajua mahali walipolala.

NNE: WATOTO WAONYESHWE ANGA

Kuna ndege wa Ulaya aitwaye kekeo. Mama yake hutaga yai katika kiota cha ndege wengine na kwenda zake. Kinda analelewa na wageni, hamjui baba wala mama, na wazazi wake huwa wamekwisha kuondoka kabla yake. Hata hivyo, siku ikifika anaruka peke yake usiku mpaka kwenye misitu ya bonde la Kongo. Tunasema hivi kwa yatima waliolelewa na jirani au shangazi. Mungu hakuwasahau alipokuwa akiweka saa ndani ya viumbe vyake.

Lakini kwa watoto wengine tukumbuke makinda wa Emlen. Asiyeonyeshwa anga mapema hujikuta hajui pa kuelekea. Watoto wetu wengi wamezaliwa ugenini. Hawajaiona Rutshuru, wala Uvira, wala Kirundo. Je, tumewaonyesha nini? Kama tumewaonyesha chuki tu, wataongozwa na chuki. Kama mtoto anasikia kila jioni jina la kabila lililotufukuza na hasikii jina la Yesu, hiyo ndiyo nyota atakayoifuata, nayo itamrudisha kwenye vita. Wafundisheni lugha ya nyumbani, majina ya babu na bibi, mito na milima. Wasimulieni kweli yote, hata ile ya jirani wa kabila lingine aliyewaficha. Na juu ya yote waonyesheni Yeye asiyesogea, ambaye kwake mataifa yote yanazunguka.

KWA FAMILIA NYUMBANI

Jioni moja ya juma hili, baada ya chakula, zimeni simu na kuulizana maneno haya:

1. Ni habari gani tuliyoiamini mwaka huu bila kuipima, nayo ilitugharimu nini?
2. Ni nyoya gani jipya kila mmoja wetu anaweza kuota kabla ya mvua zijazo? Baba, mama na watoto, kila mtu ataje moja.
3. Ni nani karibu nasi aliyevunjika bawa, na kesho tutamfanyia nini?
4. Watoto waseme: nyumbani kwetu ni wapi, na ni nani anayetuongoza?

Tuombe: Bwana Mungu wetu, uliyempa mbayuwayu saa yake na koikoi njia yake, tupe na sisi kukujua. Tulinde na sauti za uongo. Utupe mabawa mapya hapa tulipo. Wafunge majeraha waliochomwa. Wahurumie walioanzisha vita, uwageuze. Ubariki mji wa Kigali na watu wake waliotupokea. Na saa yako itakapofika, ya kurudi, au ya kuendelea, au ya kubaki, utukute tuko tayari. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu awabariki nyote, na amani yake ikae nanyi.